Maji Moto wa Minazini na Mavimbe ya Ngozi

Mkwezi wa Bweni, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, hana haja ya kuambiwa habari za maji moto, wale chungu wekundu washonao majani kuwa kiota. Hawana mwiba. Huuma kwa taya, kisha hurusha asidi juu ya jeraha, na mtu huona kama ameunguzwa. Asidi hiyo huitwa fomiki, kwa neno la Kilatini *formica*, yaani chungu. John Ray wa Uingereza aliandika habari zake mwaka 1671.

Je, asidi hii ndiyo iletayo mavimbe ya kuwasha yaeneayo mwilini? Wengi walidhani hivyo, na sababu yao ilikuwa mmea. Katika nchi za baridi, na hata katika milima yetu, upo mmea wa jamii ya *Urtica*, ambao vinyweleo vyake huchoma. Kwa jina lake matabibu waliyaita mavimbe hayo urtikaria, na sumu yake ilidhaniwa kuwa asidi ya chungu. Lakini mwaka 1947 Emmelin na Feldberg walionyesha kwamba ndani ya vinyweleo mna histamini.

Basi tutenganishe mambo mawili. Asidi huunguza pale ilipogusa. Mavimbe huletwa na histamini, ambayo hata mwili wenyewe huitoa katika chembe za ngozi unapokikataa kitu, kama sumu ya nyuki, dawa, au kamba wa baharini. Kwa hiyo mavimbe huweza kutokea mbali na jeraha, hata kwa mtu asiyeumwa na mdudu. Wala si uchawi.

Yatupasayo kutenda:

1. Aliyeumwa na maji moto aondoe wadudu, aoshe mahali pale kwa maji mengi, asijikune.

2. Asidi ya fomiki iliyo kali, kama ile igandishayo utomvu wa mpira, ikimwagikia ngozi au jicho, ioshwe mara moja kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha mtu apelekwe hospitali.

3. Mavimbe yakifuatana na kuvimba midomo au ulimi, kuhema kwa shida, au kuzimia, tusingoje wala tusipoteze saa kwa kumpaka majani. Mgonjwa ahitaji sindano ya adrenalini upesi, maana aweza kufa.

Maswali: Asidi hutenda nini? Mavimbe hutoka wapi? Ni dalili zipi zisizongoja?