SOMO: KUHESABU MISTARI SI KUHESABU WATU



Koperative ikiandika mavuno katika kompyuta, unaweza kuiuliza: «Nani alileta mupunga mwezi huu?» Inatafuta, kisha inaonyesha mistari kwenye ukurasa. Chini inaandika hesabu. Lakini ni hesabu ya nini? Mufano:

Namba 4 – kilo 50
Namba 7 – kilo 30
Namba 4 – kilo 20
Namba 9 – kilo 40
Namba 4 – kilo 10

Basi, uliza maulizo matatu:

1. Muzigo uliingia mara ngapi? Hesabu mistari: 5. Linganisha na karatasi za depo.

2. Wanamemba wangapi walileta? Kila namba uihesabu mara moja tu: 3. Sheria ya OHADA, yenye Kongo inafuata tangu 2012, inapatia kila mwanamemba sauti moja. Namba 4 alileta mara tatu, lakini hana sauti tatu.

3. Kilo ngapi? Jumlisha: 150. Ni kwa kilo tunagawanya pesa.

Tuseme mupunga wote umeuzwa 150.000 franga. Ukigawanya kwa mistari, namba 9 anapata 30.000 pahali pa 40.000, na namba 4 anapata 90.000 pahali pa 80.000. Hakuna mwizi, lakini mutu ameibiwa!

Hata kama kwenu kuko daftari tu, somo ni lile lile. Mbele ya kulipa, hesabuni mara tatu, wanamemba wote wakiona.