Kitunga ni chako, lakini modeli ni ya nani?



Kiangazi kikifika, shamba linapumzika lakini mikono haipumziki. Huku Kolwezi tunasuka bitunga, tunachonga malakiti, tunashona mifuko ya bikwembe. Feza yake inanunua mbegu na kulipa masomo ya watoto. Basi tujiulize: tukiona modeli nzuri ya mtu mwingine, tunaweza kuifanya na kuiuzisha?

Kwanza, vitu vya mababu. Msalaba wa shaba, bafundi wa Katanga waliuyeyusha tangu zamani, ukatumika kama feza. Mwaka 1960 uliwekwa hata kwenye bendera ya Katanga. Hakuna mtu mmoja wa kusema "huu ni wangu peke yangu." Ukitengeneza hereni za umbo lile, hujamwiba mtu.

Pili, kazi ya msanii anayejulikana. Pilipili Mulongoy wa Lubumbashi alichora ndege na samaki, akafa mwaka 2007. Sheria yetu ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986 inalinda kazi ya msanii maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo ulinzi ungali unaendelea. Ndege si mali yake, kila mtu anaweza kuchora ndege. Lakini ukifuata mchoro wake mstari kwa mstari, ukaupaka juu ya mifuko ya kuuzisha, unahitaji ruhusa. Kubadilisha rangi tu haitoshi.

Tatu, modeli mpya ya mama jirani. Hata kama hajaiandikisha popote, kazi aliyoibuni ni yake.

Tufanye hivi:

1. Ukipenda modeli ya mtu, muulize. Mkipatana, andikeni karatasi na kutia sahihi.
2. Chukua wazo, kisha fanya umbo lako mwenyewe.
3. Modeli yako mpya, ipige picha, uandike jina na tarehe katika kaye ya koperative. Siku ya ugomvi, hiyo ndiyo ushahidi.
4. Ukiwa na mashaka, uliza SOCODA, shirika la haki za wasanii, mbele ya kutengeneza vitu mingi.

Mnunuzi akigundua kopi, anaweza kurudisha mzigo wote, na jina linaloharibika ni la koperative nzima. Tena, anayeiba modeli leo, kesho yake ikiibwa, atalalamika kwa mdomo gani?