Helmeti ya Boda: Twahara Yake, Matunzo Yake na Amana Iliyomo



Ndugu zangu, vitabu vya fiqhi tunavyosoma mwaka wa kwanza huanza na mlango wa twahara, na ndani yake mna habari za maji, vyombo, ngozi, nguo na viatu. Helmeti haimo. Lakini kwetu Kasese na Bwera helmeti ni vazi la kila siku. Wapo miongoni mwetu wanaotafuta karo kwa kuendesha boda wakati wa likizo, na waliobaki ni abiria wao. Likizo iliyopita nilikuwa nikimsaidia mjomba kwa pikipiki yake katika njia ya Kasese hadi Bwera kupitia Kikorongo, zaidi ya kilomita 50 za joto, vumbi la malori ya mpakani na wadudu wa jioni wanaokufa kwenye kioo. Nikikaa msikitini baada ya Alasiri, hakosi mtu wa kuuliza jambo kuhusu helmeti. Somo hili limetokana na maswali hayo. Nimefuata madhehebu ya Imamu Shafi'i ambayo wengi wetu tumesomeshwa madrasani, na panapo khitilafu yenye faida nitaitaja.

Kwanza niondoe neno moja njiani. Wako wanaosema, "Ajali ni kadari, helmeti itazuia nini?" Asemaye hivyo hajasoma sira vizuri. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa amevaa kofia ya chuma, na ilivunjwa juu ya kichwa chake. Bibi Fatima akamwosha damu huku Sayyidna Ali akimimina maji. Miaka mitano baadaye, siku ya kufunguliwa Makka, Anas bin Malik anasimulia katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia mji huo akiwa na kofia ya chuma kichwani. Hakuna aliyemtegemea Mwenyezi Mungu kuliko yeye, na bado alivaa. Mwenye kupenda hesabu za kisasa azingatie mapitio ya utafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008: helmeti hupunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Sheria ya Uganda nayo inamtaka mwendeshaji na abiria wote wawili wavae.

Sasa tuitazame yenyewe, kwa sababu hukumu ya kuiosha inategemea imetengenezwa na nini. Nje kuna gamba gumu la plastiki au faiba. Ndani yake kuna povu gumu jeupe, ndugu wa lile linalokuja ndani ya katoni la televisheni mpya. Ndani zaidi kuna sponji na kitambaa kinachogusa nywele na mashavu. Mbele kuna kioo, nacho kwa kweli ni plastiki iliyopakwa utando mwembamba wa kuzuia mikwaruzo. Chini kuna mkanda wa kidevuni. Watu wengi hudhani kinachookoa kichwa ni lile gamba. Gamba linasaidia, lakini kazi kubwa inafanywa na povu: kichwa kinapogonga, povu linabonyea na kumeza nguvu ya pigo. Na likishabonyea halirudi. Tafadhali liweke hilo akilini, maana tutalihitaji mbele.

Swali lililokuja mara nyingi kuliko yote ni hili: helmeti iliyolowa jasho, je, nywele zangu ni safi kwa Swala? Ndiyo. Jasho la mwanadamu ni twahara, Mwislamu na asiye Mwislamu sawasawa, hata mwenye janaba. Abiria kumi wakiivaa helmeti moja tangu asubuhi, hakuna najisi hapo. Lakini twahara na usafi si kitu kimoja. Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu au kitunguu saumu ajitenge na msikiti, na kitunguu ni halali na ni twahara. Sababu ni harufu inayowaudhi wenzake. Abu Dawud amepokea pia kwamba alipomwona mtu mwenye nguo chafu alishangaa kwamba hakupata cha kufulia. Basi mwenye sponji linalonuka kama soksi za wiki nzima, kisha akasimama saffu ya kwanza Ijumaa, Swala yake ni sahihi, ila jirani yake ana haki ya kulalamika.

Kuosha kwenyewe si kazi kubwa. Ng'oa sponji na mashavu yake ikiwa helmeti yako inaruhusu. Nyingi hushikwa kwa vifungo vidogo vya kubana, na ukivuta polepole vinaachia. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Shampuu ya mtoto inatosha sana. Minya kwa kiganja, usisokote kama unakamua nguo. Suuza mpaka povu la sabuni liishe, kwa sababu sabuni iliyobaki ikichanganyika na jasho huwasha ngozi. Kama sponji limegundishwa, usilizamishe: lowesha kitambaa, pitisha, kisha pitisha kingine chenye maji matupu. Gamba la nje lipanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni hiyo hiyo.

Kioo kina adabu yake. Kosa la stendi zote, kuanzia Kasese mpaka Mpondwe, ni kukifuta kikavu kwa pindo la shati. Vumbi letu lina mchanga, na mchanga ni msasa. Weka kitambaa kilicholowa juu ya kioo kwa dakika chache ili wale wadudu walainike, kisha mwaga maji na uwafute taratibu. (Aliyeuliza kuhusu wadudu hao: wanachuoni wamekuwa wepesi kwa mdudu asiye na damu inayotiririka, na alama yake ndogo imesamehewa.) Kioo chenye mikwaruzo hakikusumbui mchana. Utakijua usiku, taa za lori zinapokujia kutoka Kikorongo na ukaona mwanga umetapakaa kote, barabara huioni.

Sasa makatazo. Petroli isikaribie helmeti. Nimeona vijana wakifuta lami na gundi ya stika kwa petroli, na inang'aa kweli kweli, lakini petroli inaliyeyusha lile povu jeupe na inaweza kudhoofisha gamba la plastiki bila wewe kuona kitu. Vivyo hivyo tina ya rangi, dawa ya kupuliza wadudu, na dawa za kusafishia vioo vya nyumbani zenye amonia. Jiki nayo inakula nyuzi za mkanda. Manukato hayaondoi uchafu, yanaufunika tu. Na ukimaliza kuosha, anika kivulini penye upepo. Jua letu la bondeni linachakaza mkanda na plastiki. Usiiweke karibu na jiko la mkaa hata kama mvua imekunyeshea na unataka kutoka alfajiri.

Hapa linaingia suala la najisi yenyewe, na wengi hulichanganya. Damu ni najisi. Kinyesi cha ndege aliyetua kwenye kamba uliyoanikia ni najisi katika madhehebu yetu. Damu kidogo, kama ya chunusi au ya mbu, imesamehewa. Lakini damu ya jeraha iliyolowesha sponji lazima ioshwe kabla hujaswali ukiwa umeibeba au baada ya kuivaa ikiwa mbichi. Namna ya kuosha ina siri moja. Maji yakiwa chini ya kulla mbili, ambazo ni kama lita 200 hivi, yaani madumu kumi ya lita 20, yananajisika kwa kuguswa tu na najisi. Kwa hiyo ukilitumbukiza sponji lenye damu ndani ya karai, karai zima limenajisika na sponji limebaki palepale. Fanya kinyume chake: ondoa kwanza damu yenyewe, kisha yamimine maji juu ya sponji, uminye, umimine tena, mpaka maji yatoke safi. Rangi ikigoma baada ya kujitahidi, imesamehewa. Sabuni inasaidia lakini kinachotwaharisha ni maji. Na kuanika tu hakutoshi. Mahanafi wanasema ardhi hutwaharika kwa kukauka, lakini kwetu jua halitwaharishi kitu. Mbwa akiilamba, zijulikane zile mara saba, moja kwa udongo; na udongo huo uwe laini na uliokorogwa majini, usije ukaipiga helmeti msasa kwa jina la fiqhi.

Swali zito kuliko yote nililetewa Bwera na ndugu mmoja mwenye deni la karo. Alikuwa ameanguka na pikipiki, yeye akapona na kovu la nyusi. Helmeti yake kwa nje ilikuwa na mkwaruzo mmoja. Aliuliza namna ya kuitoa damu ili aiuze kwa shilingi 40,000 kwa kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa akiitaka. Nilimjibu la damu kama nilivyoeleza hapo juu. Kisha nikamwomba tung'oe sponji. Juu ya sikio la kulia povu lilikuwa limebonyea upana wa vidole vitatu, na ufa mwembamba ukipanda kuelekea utosini. Kazi yake lilikuwa limeshaifanya, na Alhamdulillahi lilimfanyia yeye.

Mnaikumbuka hadithi ya rundo la chakula sokoni, katika Sahihi Muslim. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono ndani ya rundo, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akasema mvua ilinyesha. Akaulizwa kwa nini hakuuweka unyevu huo juu watu wauone, na akaambiwa ukweli mzito kuhusu mwenye kughushi. Sijui mfano unaofanana na helmeti kuliko huu: juu pakavu, ndani pameoza, na mnunuzi hana mkono wa kuingiza. Ndugu yangu akauliza, "Nikimweleza kasoro yake, si inajuzu?" Kwa kanuni ya jumla, aibu ikibainishwa na mnunuzi akaridhia, biashara inasihi. Lakini kwa maoni yangu hapa haitoshi. Kitu hununuliwa kwa manufaa yake, na manufaa ya helmeti hiyo yamekwisha. Anayeichukua ataivaa, au atamvalisha abiria asiyeelezwa lolote. Kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana inatangulia mbele ya ridhaa ya wawili. Tuliukata mkanda kwa kisu ili isivaliwe tena na yeyote. Kioo kilikuwa kizima, hakina mkwaruzo, akakiuza peke yake. Deni la karo lilibaki, na jamaa wa msikitini wakachangishana kiasi, halikuisha lote.

Hata isiyogongwa ina umri. Taasisi ya Snell ya Marekani, inayopima helmeti, inashauri ibadilishwe baada ya miaka mitano, kwa sababu jasho, mafuta ya nywele na gundi vinaila polepole. Ukinunua ya mtumba bila kuweza kuliona povu lake, umenunua rundo bila kuingiza mkono.

Kuazimana. Mabwenini helmeti moja huzunguka vyumba vinne. Kabla ya Hunayn Mtume (s.a.w.) aliazima deraya za vita kutoka kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu. Safwan akauliza kama anaporwa, akaambiwa ni azima yenye dhamana. Baadhi zilipopotea, Mtume (s.a.w.) alijitolea kumlipa. Kutokana na hapo Mashafi'i wanasema mwenye kuazima ni mdhamini: ikichakaa kwa matumizi ya kawaida hudaiwi, lakini ikiibiwa, au ikidondoka kutoka kwenye kiti ikapasuka, lipa hata kama hukuzembea. Mahanafi wanamdai aliyezembea tu. Vyovyote iwavyo, ukiangusha helmeti ya mwenzako mwambie. Ufa wa ndani hauonekani, na anayeutegemea ni yeye.

Kwa wenye kubeba abiria: chawa na mapunye hupita kwenye sponji. Sisi wa Bwera tuna sababu ya kuwa makini zaidi, maana Juni 2019 Ebola ilipovuka kutoka Kongo wagonjwa walihudumiwa hapa kwetu, na mpaka leo wazee wanakumbuka kunawa kwa klorini mpakani. Osha helmeti ya abiria mara nyingi kuliko yako, na uwe na vitambaa vyepesi vya kuweka kichwani, vya kufua kila jioni. Dada zetu, hijabu nyepesi ni kitambaa tosha. Ondoeni pini kabla ya kuvaa helmeti, na fundo la nywele lishuke chini ya ukingo wake, lisije likaisukuma mbele machoni. Ndugu wa kiume wanaovalia helmeti juu ya kofia nene ya kufuma, iondoeni; helmeti inayocheza kichwani hutoka siku ya kuanguka.

La mwisho liliulizwa kwa mzaha, lakini lina jibu. Je, yafaa kupaka maji juu ya helmeti katika udhu, kama ilivyopokewa kuhusu kilemba? Kwetu lazima maji yaguse sehemu ya kichwa chenyewe, hata kidogo, ndipo mtu akamilishie juu ya kilemba akitaka. Na helmeti inavuliwa kwa sekunde tatu. Ivue, na ukiingia msikitini usiiache imetundikwa kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki, kwa sababu ncha ya kioo hutoboa povu kwa ndani. Iweke chini kwenye rafu, mdomo ukiangalia sakafu, mbali na njia ya wanaoingia.