Usiache udongo wa shamba la kahawa ulale uchi



Kila mara tunapotembelea mashamba ya kahawa upande wa Kalehe, Kabare na Idjwi, watu wanatupelekaka kwanza kwenye shamba lililopaliliwa kupita mengine yote. Chini ya miti hakuna hata jani moja. Udongo umefagiliwa sawa vile kiwanja cha nyumba. Majirani wanasema: "Huyu njo mukulima wa kweli." Kama shamba liko na majani, wanasema mwenyewe ni muvivu.

Somo letu la leo linaweza kushangaza wengine: ile shamba safi njo inachoka haraka.

Mvua inabeba nini?

Mashamba yetu mengi iko kwenye mitelemuko. Tone la mvua likianguka kwenye udongo uchi, linaupiga sawa nyundo ndogo. Udongo unavunjika na kuziba matundu ambamo maji yangeingilia. Kisha maji yanateremuka na udongo wetu mupaka mutoni, na muto unaupeleka Ziwa Kivu. Tufanye hesabu: ukipoteza unene wa milimeta 1 tu kwenye hekitari 1, umepoteza tani 10 za udongo, ao zaidi. Jicho halione kitu, lakini ule wa juu njo wenye kulisha kahawa.

Jembe nalo linaumiza. Mizizi midogo yenye kukula iko mingi katika santimeta 30 za juu. Kila tunapolima sana chini ya muti, tunaikata. Wale wanaopanda robusta wanajua ugonjwa wa trakeomikozi: unaingiliaka kwenye vidonda ambavyo jembe na mupanga vinaacha.

Nguo ya udongo

Dawa yake ni kuvalisha udongo mimea ya kufunika, tuliyoichagua sisi wenyewe. Mitatu inafaa:

– Mukuna. Inakomea haraka na kufunika udongo katika miezi 2 ao 3. Lakini inapanda juu ya miti. Tena mbegu zake hazipikwe sawa maharagi, juu ziko na sumu.
– Desmodiumu. Inabakia miaka, na mbuzi na sungura wanaipenda. Ukiikata kwa ajili ya nyama wa nyumbani, rudisha samadi yao shambani. Bila hivyo unabeba mbolea kutoka shamba bila kulipa.
– Karanga ya pori, ile wanaita arachis pintoi. Inatambaa chini, haipande juu ya muti, inavumilia kivuli. Tunaipanda kwa vipande vya shina. Ubaya wake ni mwanzo wa pole pole: inaomba kuipalilia kwa mukono miezi ya kwanza.

Yote mitatu ni ya jamii ya maharagi. Ngoa mumea mumoja, utaona vidonge vidogo kwenye mizizi. Pasua kimoja kwa kucha: kama ndani ni kyekundu, kinafanya kazi, kinakamata azoti ya hewa na kulisha mumea. Majani yakioza, azoti hiyo inabakia kwenye udongo, na kahawa inaipata.

Kosa letu

Sisi wenyewe tulikosea. Mwaka wa kwanza tulipanda mukuna karibu sana na kahawa changa, kisha tukamaliza juma nyingi bila kurudi. Tulipofika, kahawa ilikuwa haionekane tena. Mama mwenye shamba akatuuliza: "Mulikuja kusaidia kahawa ao kuifunga kamba?" Alikuwa na haki. Tulimaliza siku mbili tukiifungua muti kwa muti. Njo maana tunaandika hatua hizi wazi wazi.

Namna ya kufanya

1. Anza na kipande kidogo, zaidi pale mutelemuko ni mukali. Usivalishe shamba lote mwaka wa kwanza.
2. Mvua ikianza mwezi wa 9, palilia, kisha panda mukuna mustari mumoja tu katikati ya mistari miwili ya kahawa: mbegu 2 kwa shimo, santimeta 50 kati ya shimo na shimo.
3. Kila juma pita na mupanga, kata kamba zote zenye kuelekea miti.
4. Mukuna ikianza kutoa maua, ikate chini bila kungoa mizizi. Acha michache pembeni kwa mbegu. Tandaza majani, lakini yasiguse shina la kahawa: acha upana wa mukono mumoja.
5. Desmodiumu na karanga ya pori, zikate fupi mwezi wa 5, mbele ya jua kali. Mimea yenye uzima inakunywa maji pamoja na kahawa. Majani yaliyokatwa yanalinda maji.

Na chakula itatoka wapi?

Mamama wanatuuliza: "Shamba ni dogo, maharagi tutapanda wapi?" Ni ulizo la kweli. Hatuseme muache maharagi. Katikati ya kahawa changa, maharagi nayo ni nguo. Wakati wa kuvuna, kata shina na kuacha mizizi ndani. Kisha kupiga maharagi, rudisha maganda na majani shambani. Mimea ya kufunika iende pale maharagi hayatoe kitu: kwenye mutelemuko mukali na kando ya njia ya maji. Karanga ya pori inaweza kuingia hata chini ya kahawa kubwa.

Jaribio la kikundi

Mbele ya mukutano ujao, chagueni vipande viwili vyenye mutelemuko sawa, kimoja uchi, kingine kimefunikwa. Mvua ikinyesha, tegeni beseni chini ya kila kimoja. Mulete maji hayo katika chupa mbili, muyaache yatulie, kisha mupime udongo wenye kubakia chini.

Maulizo ya kuzungumuza

– Katika kooperative yetu, nani anashika jembe siku nyingi? Mimea hii ingemupunguzia kazi gani?
– Mbuzi wa jirani wakiingia, tutapatana namna gani?
– Nani atachunga mbegu kwa ajili ya wengine?

Na majirani wakisema uko muvivu, usibishane nao. Waonyeshe zile chupa mbili.