SOMO LA AFYA: Maji Yanayodondoka Ndani Usiku Bila Mvua



Katika miezi ya mvua wakazi wengi hulalamika kwamba turubai au mabati yao yanavuja. Lakini ukipanda kuangalia, mara nyingi huoni tundu lolote. Hata usiku ambao mvua haikunyesha, asubuhi blanketi limelowa, mkeka una unyevu, na matone yamejipanga chini ya paa kama jasho usoni. Baadhi ya watu huziba kila nafasi kwa matambara ili maji yasiingie. Wengine huingiza jiko la mkaa ndani ili kukausha chumba. Njia ya kwanza huongeza maji. Njia ya pili inaweza kuua familia nzima kwa usiku mmoja.

Somo hili linaeleza maji hayo yanatoka wapi, yanaleta madhara gani, na jinsi ya kuyapunguza bila gharama kubwa.

1. Je, maji haya yanatoka wapi?

Kwa sehemu kubwa yanatoka kwetu wenyewe. Kila tunapovuta pumzi na kuitoa, tunatoa mvuke wa maji. Jasho letu pia huwa mvuke. Sufuria inayochemka, nguo mbichi zilizoanikwa ndani na udongo wenye majimaji, vyote hutoa mvuke. Mvuke hauonekani kwa macho, lakini umo hewani.

Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi, na hewa ya baridi hubeba kidogo. Hewa yenye mvuke inapogusa kitu cha baridi, mvuke unarudi kuwa maji. Umeliona jambo hili dukani. Ukitoa chupa ya soda kwenye friji, baada ya dakika chache nje yake inalowa. Soda haikuvuja, ila mvuke wa hewani umegusa chupa ya baridi ukageuka kuwa matone.

Usiku paa la mabati na turubai hupoa haraka kuliko hewa iliyo ndani, hasa mbingu zikiwa wazi bila mawingu. Paa linakuwa kama ile chupa ya soda, na mvuke wa pumzi zetu hupanda, ukaligusa na kudondoka.

2. Hesabu ya chumba kimoja cha Jabe

Wengi walioishi Bujumbura kabla ya kuja kambini wanavijua vyumba vya kupanga vya Jabe na Buyenzi: ua mmoja, milango mingi, paa la mabati, na familia nzima katika chumba kimoja. Tuchukue mfano wa chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3, na kimo cha mita 2 na nusu. Ndani yake kuna mita za ujazo 30 za hewa.

Usiku joto la Bujumbura hushuka hadi karibu nyuzi 20. Kwa joto hilo, kila mita ya ujazo ya hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi za maji. Kwa hiyo hewa yote ya chumba hicho, hata ikijaa mvuke kabisa, inabeba karibu nusu lita tu.

Sasa tuhesabu wanaolala. Mtu mzima aliyelala hutoa karibu gramu 40 za maji kila saa kwa pumzi na jasho. Watoto hutoa kidogo kuliko mtu mzima. Baba, mama na watoto 4 wakilala saa 8 hutoa kama lita 1 na nusu. Hewa inaweza kubeba nusu lita, na tayari ilikuwa na mvuke wake jioni walipoingia kulala. Maji yanayobaki yataenda wapi? Kama kuna matundu, yatatoka nje pamoja na hewa. Kama kila kitu kimezibwa, yataishia kwenye mabati, ukutani, kwenye godoro na kwenye mfuko wa unga.

Kambini hali ni ngumu zaidi. Kambi kama Gasorwe, Musasa, Bwagiriza na Kavumu zimejengwa sehemu za juu kuliko Bujumbura, kwa hiyo usiku una baridi zaidi. Kwa joto la nyuzi 15, mita moja ya ujazo ya hewa inabeba gramu 13 tu. Hema la familia la UNHCR lina sehemu ya kulala ya mita za mraba 16. Hewa yote iliyomo haiwezi kubeba hata nusu lita. Viwango vya kimataifa vya misaada vinavyoitwa Sphere vinataka angalau mita za mraba 3.5 za nafasi iliyoezekwa kwa kila mtu. Tunapobanana kuliko hapo, maji yanaongezeka kwa sababu pumzi ni nyingi na hewa ni ile ile.

Shida hii si ya wakimbizi wa Kiafrika peke yao. Katika kambi ya Zaatari huko Jordan, iliyofunguliwa mwaka 2012, wakimbizi kutoka Syria wanaishi katika vijumba vidogo vya kuunganishwa wanavyoviita karavani. Ulaya nako watu husafiri na vijumba vya magurudumu vinavyokokotwa na gari. Popote watu wanapolala katika chumba kidogo chenye kuta nyembamba wakati wa baridi, maji hujitokeza kwa ndani.

3. Jinsi ya kutambua: ni kuvuja au ni mvuke?

- Maji yakitokea mahali pamoja, na mvua inaponyesha tu, paa linavuja. Tafuta tundu, liweke kiraka.
- Matone yakienea chini ya paa lote, hata usiku usio na mvua, na yakikauka jua likipanda, huo ni mvuke.
- Kwa sakafu ya udongo, tandika kipande cha plastiki jioni na kuweka mawe pembeni. Asubuhi kikilowa upande wa chini, unyevu unatoka ardhini. Kikilowa upande wa juu, unyevu unatoka hewani.

Usianze kutengeneza kabla ya kutambua. Kuziba paa lisilovuja ni kuongeza shida.

4. Unyevu unaleta madhara gani?

Mahali penye unyevu huota ukungu, yaani yale madoa meusi au ya kijani ukutani na kwenye magodoro. Vumbi lake huchochea pumu, mafua na kikohozi, hasa kwa watoto wadogo na wazee. Blanketi lililolowa halipashi mwili joto. Mahindi, karanga na unga vikilowa vinaweza kuota kuvu wenye sumu inayodhuru ini, na sumu hiyo haiishi kwa kupika.

Tena, chumba kisichopitisha hewa husaidia magonjwa kuenea. Vijidudu vya kifua kikuu hukaa katika hewa ambayo mgonjwa amekohoa. Hewa isipobadilika, wote waliolala humo huivuta usiku kucha. Dirisha linalopunguza maji ya paa linapunguza pia hatari hiyo.

5. Mambo ya kufanya

Acha matundu mawili. Moja liwe chini na lingine liwe juu karibu na paa, pande zinazokabiliana. Hewa kavu zaidi inaingia chini, hewa yenye mvuke inatoka juu. Hema lina matundu yake karibu na kilele, yenye wavu na kifuniko. Usiyashone wala kuyajaza matambara. Nyumba nyingi za matofali zina matundu juu ya ukuta, ambayo wapangaji huyaziba kwa magazeti. Yafungueni, mweke wavu wa kuzuia mbu. Tumia kipande cha chandarua kilichochakaa kabisa. Usikate chandarua kizima, kwa maana hicho ni cha kulalia.

Pika nje au kwenye kibanda. Kilo moja ya kuni kavu ikiungua hutoa karibu nusu lita ya maji kwa njia ya mvuke, mbali na mvuke wa sufuria. Lita moja ya mafuta ya taa hutoa karibu lita moja. Funika sufuria, utaokoa na kuni pia.

Anika nguo nje. Nguo za familia zilizokamuliwa kwa mkono zinaweza kubaki na lita 2 za maji au zaidi. Ukizianika ndani, maji hayo yote yanaingia hewani. Mvua ikinyesha, zianike chini ya upenu.

Futa paa kila asubuhi. Pangusa matone kwa kitambaa, kikamue nje, kisha fungua mlango na madirisha yote kwa nusu saa. Usipofuta, jua litayageuza maji yale kuwa mvuke, na usiku yatarudi.

Inua vitu kutoka ardhini. Weka godoro juu ya kitanda, fito au mbao, na liache ukuta kwa upana wa kiganja. Ligeuze na kulianika juani kila linapowezekana. Mfuko wa posho ukae juu ya kichanja, mbali na ukuta.

Zuia maji ya ardhini. Chimba mfereji kuzunguka hema, uelekeze maji mteremkoni bila kumpelekea jirani. Tandika plastiki chini ya mkeka. Funika ndoo na madumu ya maji.

Weka dari. Kitambaa au mkeka ukitundikwa chini ya turubai, ukaacha nafasi ya kiganja kati yake, hewa iliyo katikati hupunguza baridi na matone hayawaangukii waliolala. Usitumie nyasi kavu karibu na moto.

Osha ukungu. Tumia maji na sabuni, halafu kausha kabisa. Usiukwangue ukiwa mkavu, maana vumbi lake litaingia kifuani. Usichanganye klorini na dawa nyingine ya kusafishia.

6. ONYO: Usilale na jiko la mkaa

Jiko la mkaa, au imbabura kama wengi wetu tunavyoiita, hutoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila moshi bado unaitoa. Aliyelala hagutuki, anapoteza fahamu akiwa usingizini.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kulegea mwili. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, na jiko limo ndani, usidhani ni malaria kwanza. Watoe wote nje penye hewa safi, kisha wapelekeni kituo cha afya upesi. Matundu tuliyoyataja hayafanyi jiko la ndani kuwa salama. Jiko likae nje hadi majivu yapoe.

7. Maswali ambayo wakazi huuliza

*Tukiacha matundu, watoto hawatapata nimonia kwa upepo?*
Nimonia huletwa na vijidudu. Moshi wa ndani na msongamano huongeza hatari yake. Tundu la juu liwe juu ya vichwa vya waliolala, na la chini liwe mbali na kitanda, upepo usiwapige moja kwa moja. Mvalishe mtoto vizuri, alale kwenye blanketi kavu. Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika moja akiwa ametulia. Mwenye umri chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi miaka 5 akifikisha 40, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hali kadhalika kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi.

*Na wezi je?*
Tundu la kutoa hewa halihitaji kuwa kubwa. Matundu machache ya upana wa kiganja, juu karibu na paa, yenye waya, hayapitishi mtu.

*Nimepanga mjini, siruhusiwi kutoboa ukuta.*
Zungumza na mwenye nyumba. Mweleze kwamba unyevu unaozesha mbao na kutia kutu mabati yake. Wakati mkisubiri, fungueni matundu yaliyozibwa, toeni jiko na nguo mbichi nje, na futeni maji asubuhi.

*Nina kikohozi kisichopona.*
Kikohozi kinachozidi wiki 2 si cha kusingizia unyevu. Nenda kituo cha afya ukapimwe kifua kikuu.

8. Maswali ya kujadiliana nyumbani au kwenye kikundi

1. Watu wangapi wanalala chumbani kwetu, na usiku hewa inatokea wapi?
2. Jana usiku mvua haikunyesha. Je, leo asubuhi paa lilikuwa na matone?
3. Mfuko wetu wa unga umegusa ardhi au ukuta?
4. Jiko letu linalala wapi?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kwa ufa. Lakini tundu la hewa si ufa, bali ni njia ambayo pumzi ya jana inatoka ili ya leo iingie. Leo jioni, kabla ya kulala, tazama juu: kama tundu lina tambara, liondoe; kama jiko limo ndani, litoe. Kisha umwambie na jirani.