Kurudi Kwao: Watu wa Mbweni na Safari ya Masasi

Wahenga walisema, "Mkataa kwao mtumwa." Tena walisema, "Mwenda kwao si mtumwa." Methali hizi mbili hufundisha neno moja, ya kuwa mtu asiache kwao. Lakini zamani walikuwako watu katika kisiwa cha Unguja ambao hawakukataa kwao, bali walinyang'anywa. Walichukuliwa kwa nguvu, wakauzwa, wakavushwa bahari. Na siku walipopewa uhuru, wakaulizwa kama wataka kurudi makwao, jibu halikuwa jepesi. Habari hii ni habari yao.

Mtu akitoka Mji Mkongwe, akashika njia ya kusini kufuata pwani, baada ya mwendo wa maili nne hivi hufika Mbweni. Huko hulikuta kanisa la Mtakatifu Yohana, na magofu ya shule ya wasichana, kuta zake zikiwa zimesimama bila dari. Shamba la Mbweni lilinunuliwa mwaka wa 1871, siku za Askofu Tozer, mkuu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo ilifika Unguja mwaka wa 1864. Katika shamba hilo kilijengwa kijiji cha watu walioachwa huru.

Watu hao walitoka wapi? Wengi walitoka bara, mbali sana, katika nchi zilizo karibu na ziwa la Nyasa. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wa makabila mengine. Walitekwa vitani, au waliibwa njiani, au waliuzwa wakati wa njaa. Wakatembezwa kwa miguu mpaka pwani ya Kilwa, kisha wakapakiwa katika majahazi na kuletwa Unguja, kuuzwa katika soko la Mkunazini. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash bin Said alitia sahihi mapatano na Waingereza. Soko likafungwa, na biashara ya kupeleka watumwa kwa njia ya bahari ikakatazwa. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule, jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa mahali pale pale palipokuwa soko.

Lakini sheria huandikwa kwa siku moja, na desturi haifi kwa siku moja. Majahazi yaliendelea kusafiri usiku na watumwa ndani yake, na manowari za Waingereza ziliyafukuza na kuyakamata. Waliokutwa ndani waliachwa huru. Lakini uhuru huo ulikuwa wa namna gani? Mtu hana ndugu, hana shamba, hajui lugha ya mji, wala hajui njia ya kwao. Akiachwa peke yake barabarani, kesho aweza kukamatwa na kuuzwa tena. Kwa hiyo wengine walikabidhiwa Misheni. Wavulana wakapelekwa shule ya Kiungani, wasichana wakalelewa Mbweni, na watu wazima wakapewa mahali pa kujenga na kulima. Wakajifunza Kiswahili, wakaoana, wakazaa watoto. Mbweni ikawa kijiji kweli.

Mwaka wa 1874 Edward Steere aliwekwa kuwa askofu baada ya Tozer. Ndiye aliyekuwa bingwa wa Kiswahili, na mwaka wa 1870 alikuwa ametoa kitabu cha kuifundisha lugha hii. Aliwatazama watu wa Mbweni, akaona jambo. Kisiwa kilikuwa kimewapokea, lakini si kwao. Na Misheni yenyewe haikuja Afrika ili ikae kisiwani tu, bali ili ifike bara. Basi kwa nini watu hawa wasirudishwe katika nchi walizotoka, wakakae huko huru, pamoja na wake zao na watoto wao?

Shauri hili lilikuwa jema, lakini lilikuwa na mashaka matatu.

Shaka la kwanza lilikuwa kutojua. Mtoto aliyetekwa akiwa na miaka mitano hukumbuka nini? Labda hukumbuka mto, au mti mkubwa, au sauti ya mama yake. Lakini jina la wilaya halijui, na jina la jumbe wa kijiji amelisahau. Hata lugha humtoka, kwa kuwa lugha isiyosemwa husahauliwa.

Shaka la pili lilikuwa njia. Njia ya kurudi ndiyo njia ile ile waliyoletewa. Katika mwaka wa 1876 Seyyid Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa katika bara pia. Lakini mkono wa Sultani ulikuwa na nguvu pwani kuliko ndani ya nchi. Mtu mmoja mmoja akienda, angekamatwa kabla ya kufika.

Shaka la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote. Nchi haimngojei mtu. Vijiji vingine vilikuwa vimechomwa, wenyeji wamekimbia, wazee wamekufa. Aweza mtu kufika pale pale alipozaliwa asikute mtu hata mmoja wa kumwita kwa jina lake.

Kwa sababu hizo Askofu Steere hakufanya haraka. Kwanza, mwaka wa 1875, alikwenda mwenyewe. Alishuka Lindi, akatembea kwa miguu mpaka Mwembe, mji wa Mataka, mfalme wa Wayao. Akaiona njia, akajua palipo na maji na palipo na njaa. Kisha akarudi Unguja, akawauliza watu wa Mbweni ni nani atakaye kwenda. Akakusudia kuwapeleka pamoja kama kijiji kizima, wanaume na wanawake, ili kila mtu awe na jirani wa kumsaidia, hata asipomkuta ndugu yake.

Katika mwezi wa Oktoba 1876 safari ilianza. Watu zaidi ya 50 waliingia chomboni Unguja, wakashuka Lindi, wakashika njia ya bara. Pamoja na Askofu alikuwapo kijana mmoja Mwingereza, William Percival Johnson, ambaye baadaye alitumika katika nchi ya Nyasa mpaka alipokufa mwaka wa 1928. Fikirini jinsi safari ile ilivyokuwa. Walipopita zamani walikuwa na minyororo shingoni, na aliyeanguka aliachwa afe. Sasa walipita wakiwa na mizigo yao wenyewe, na aliyechoka alingojewa.

Katika Novemba walifika Masasi. Ni mahali pa vilima virefu vya mawe matupu vilivyosimama katika nchi tambarare, na chini yake pana udongo mzuri na maji. Kusudi lao lilikuwa kuendelea mbele kuelekea Nyasa. Lakini hapo watu walitazama nchi, wakashauriana, wakamwomba Askofu wakae. Nchi ilifaa kwa kilimo. Mbele kulikuwa na hatari, na tena hawakuwa wa kabila moja: kwao huyu si kwao yule. Wangeendelea, ingalipasa watawanyike, kila mmoja kwa njia yake. Askofu akakubali. Wakafyeka mwitu, wakajenga nyumba, wakapanda mbegu.

Hapa pafaa msomaji atue afikiri. Watu hawa walitoka Unguja ili warudi kwao, na hawakufika mahali walipozaliwa. Je, safari yao ilikuwa bure? Sivyo. Walipokuwa watumwa, wengine waliwachagulia mahali pa kukaa. Huko Masasi walichagua wenyewe. Palikuwa kwao kwa sababu walipafanya kuwa kwao.

Lakini mtu asidhani ya kuwa taabu ilikwisha. Mwaka wa 1877 alifika padre Chauncy Maples, akakiongoza kijiji, nacho kikastawi. Katika Agosti 1882 Askofu Steere alifariki Unguja, akazikwa katika kanisa kuu la Mkunazini alilolijenga. Hata mwezi mmoja haujapita, katika Septemba, Wangoni walioitwa Magwangwara waliishambulia Masasi. Nyumba zikateketezwa, watu wakauawa, na wengine wakachukuliwa mateka. Walikuwamo waliokuwa wametekwa utotoni, wakaachwa huru, nao wakatekwa mara ya pili. Waliosalimika, wengi wao walihamia Newala pamoja na Maples. Baadaye Masasi ikajengwa tena. Mwaka wa 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, misheni ikachomwa tena, na tena ikajengwa. Mwaka wa 1926 Masasi ikawa dayosisi yenye askofu wake.

Hawakuwa hao peke yao waliofunga safari hiyo. Mmoja aliyejulikana sana ni Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa alipokuwa mtoto, akaachwa huru, akasoma Kiungani, kisha akapelekwa kusoma Canterbury katika Uingereza. Mwaka wa 1886 alipewa ushemasi, akahamia Chitangali, katika nchi ya Wayao, pamoja na mkewe Lucy, ambaye alilelewa Mbweni. Mwaka wa 1890 akawa padre, Mwafrika wa kwanza kupata cheo hicho katika Misheni hiyo. Alitumika Chitangali zaidi ya miaka kumi, akiwafundisha watu wa kabila lake. Kisha mwaka wa 1897 akarudi Unguja. Kwa mtu kama huyo kwao kulikuwa pande mbili za bahari. Bara ndiko alikozaliwa, na Unguja ndiko alikolelewa, akasoma na kuoa.

Na wale waliobaki Mbweni je? Tusiwahukumu kwa methali. Wengine walikuwa wazee, wengine wagonjwa, na wengine hawakuwa na la kukumbuka ila siku ya kutekwa. Watoto wao walizaliwa kisiwani, na kwa watoto hao Mbweni haikuwa ugenini. Kubaki kwao pia kulikuwa kuchagua.

Basi, yako mambo ambayo habari hii hufundisha. Kurudi kwao ni tamaa ya kila mtu, lakini tamaa peke yake haimfikishi mtu. Yafaa kwanza kuiona njia, kama Askofu alivyofanya, na yafaa kwenda pamoja, ili mgeni awe na jirani. Tena arudiye asitazamie kukuta yale aliyoyaacha, maana miaka imepita juu ya nchi kama ilivyopita juu yake mwenyewe. Kurudi ni kuanza upya mahali pa zamani, na mwenye kuanza hushika jembe.

Wahenga walisema kweli, "Mwenda kwao si mtumwa." Watu wa Mbweni waliokwenda Masasi walijua maana ya maneno hayo kuliko wengi, kwa kuwa njia ile waliipita mara mbili: mara ya kwanza wamefungwa, na mara ya pili wamefunguliwa.

MASWALI

1. Kwa nini mtu aliyeachwa huru Unguja hakuweza kwenda zake peke yake?

2. Taja mashaka matatu yaliyokuwa katika shauri la kuwarudisha watu bara.

3. Askofu Steere alifanya nini mwaka wa 1875, na jambo hilo lilisaidiaje safari ya mwaka wa 1876?

4. Kwa nini watu waliomba kukaa Masasi wasiendelee mbele?

5. Je, waliobaki Mbweni walikataa kwao? Eleza mawazo yako kwa sentensi sita, kisha uwaulize wazee wa nyumbani jamaa yenu ilitoka wapi, na kwa sababu gani ilihamia mahali mkaapo sasa.