Mtoto Asiyesema Ana la Kusema

Wako wakazi wenzetu wanaosikia na kuelewa, lakini hawawezi kutamka. Wengine wana mtindio wa ubongo au usonji tangu utotoni. Wengine walipoteza usemi baada ya kiharusi au ajali. Mtu kama huyu akiumwa na tumbo, akishikwa na kiu au akidhulumiwa, atamweleza nani, na kwa njia gani?

Somo letu leo ni mawasiliano saidizi na mbadala, yaani njia zinazosaidia sauti ya mtu au kuchukua nafasi yake. Njia nyingine hazihitaji kifaa: ishara za mkono, kutikisa kichwa, kuelekeza macho. Nyingine hutumia vifaa vya bei nafuu, kama ubao wa picha au wa herufi. Zipo pia programu za simu na tableti ambazo hutoa sauti mtu anapogusa picha au kuandika.

Wazazi wengi huhofia kwamba mtoto akizoea picha hatasema kamwe. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2006 iliwaangalia watu 27 wenye ulemavu wa ukuaji waliofundishwa njia hizi. Hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua, na wengi wao waliongeza usemi. Kwa hivyo usingoje mtoto aseme kwanza ndipo umpe njia ya kuwasiliana.

Unaweza kuanza nyumbani hivi:

1. Chagua maneno machache ya kila siku: nataka, sitaki, tena, basi, nisaidie, maji, choo, inauma. Usiache "sitaki". Mtoto asiyeweza kukataa kwa ubao atakataa kwa kulia au kuuma.

2. Chora au kata picha, zibandike kwenye kadibodi, kisha uandike neno chini ya kila picha kwa lugha mnayotumia nyumbani. Funika kwa nailoni ili zisilowe.

3. Anza wewe. Ukisema "maji", gusa picha ya maji. Mtoto hujifunza ubao kwa kuona wengine wakiutumia, kama vile watoto wengine wanavyojifunza kusema kwa kusikia.

4. Muulize, kisha subiri. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumsaidia.

5. Ubao uwe naye popote: mezani, shuleni, zahanati. Usimnyang'anye kama adhabu, kwa maana hiyo ndiyo sauti yake.

6. Ongeza picha za viungo vya mwili, pamoja na sehemu za siri, ili aweze kuonyesha mahali panapouma au alipoguswa vibaya.

Baada ya hapo, mtaalamu wa tiba ya usemi ana kazi yake. Hupima jinsi mtu anavyoona, anavyosikia, anavyotumia mikono na anavyoketi, ndipo apendekeze njia inayomfaa. Asiyeweza kunyoosha kidole, kwa mfano, anaweza kuchagua kwa macho. Lakini wataalamu hawa ni wachache nchini, na kifaa kisicho na mafunzo huishia kabatini. Ndiyo maana mwalimu, muuguzi, mhudumu wa afya ya jamii na jamaa wote wa nyumbani wanafaa kujifunza ubao wa mtu wanayemhudumia.

Hili si suala la hisani. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine zinazofaa za mawasiliano, na ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabili vikwazo vya ulemavu wake.

Ikiwa una mtoto wa aina hii nyumbani, mpeleke kwenye kituo cha tathmini ya elimu, EARC, au uulize katika hospitali iliyo karibu nawe. Mtu mzima aliyepoteza usemi naye aanzie hospitalini. Ukikutana na mtu mwenye ubao, zungumza naye mwenyewe, si aliyemleta, kisha umpe muda wa kukujibu.